Kijembe kwa Jina la Mwana

Zamda wa Mtaa wa Sikukuu alikuwa muuza kanga, na katika wauza kanga wa Kariakoo hakuna aliyemzidi kwa kujua maneno yake. Mteja akija amenuna, Zamda hakuuliza anataka rangi gani. Aliuliza, "Ni wifi au ni mke mwenzio?" Akishajibiwa, mkono wake unaingia kwenye rundo bila jicho kuutangulia, unatoka na doti yenye neno lake pale pale. Mteja anajifunga, anapita mbele ya mlango wa adui, anarudi, anapita tena, na habari imefika. Adui akija juu, mwenye kanga anashangaa: "Mimi? Mimi nimeipendea maua, shoga." Ndiyo raha ya kijembe, hakitiwi sahihi. Kila mtu anajua kimetoka wapi na hakuna anayeweza kukishika.

Nayasema haya mwanzo ili atakayelaumu alaumu akijua. Zamda hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa mama mwenye hofu, na hofu ya mama ikipata mdomo ni balaa. Wenye watoto na wasome wakiwa wamekaa.

Mtoto alikuwa mmoja tu, Bushiri. Baba yake alipunguzwa kazi kiwanda cha nguo kilipouzwa kwa watu binafsi, akaaga kwamba anakwenda Lindi kutazama mashamba ya wazee, akatazama moja kwa moja. Zamda akabaki na kijana na meza ya kanga, katika mji uliofunguliwa milango yote kwa mpigo: nguo za nje, redio kila kona, simu za mkononi, disko, na unga. Unga ndio uliomnyima usingizi. Alikuwa amewaona watoto wa wenzake wamesimama Msimbazi mchana kweupe, wameinama kama wanaotafuta sindano iliyodondoka. Kwa hiyo siku Bushiri aliporudi kutoka mtaa wa Gerezani, kwenye maduka ya vitu vilivyotumika vya Dubai, amebeba kinanda cha umeme kama aliyebeba mgonjwa, Zamda alimshukuru Mungu. Kijana mwenye kinanda yuko ndani. Kijana aliye ndani yuko hai.

Bushiri hakuwa mwimbaji. Muziki alioutunga haukuwa na neno hata moja, ni sauti tupu zinafuatana na kupishana. Sofia, aliyeuza sidiria meza ya jirani, hakuelewa kabisa.

"Sasa shoga, wimbo usio na maneno unamwambia mtu nini? Si sawa na kanga isiyo na jina? Hiyo ni shuka."

Zamda alicheka, lakini nyumbani alisikiliza huku akikunja mali yake, na kuna mahali kwenye kipande kimoja palimfanya asimamishe mikono bila kujua kwa nini. Hakumwambia Bushiri. Alimwambia tu, "Nzuri, baba. Nzuri sana." Kwake yeye kila kitu cha Bushiri kilikuwa "nzuri sana".

Kazi zake Bushiri alizihifadhi kwenye flopi, akazipeleka kwenye duka la intaneti la Pius, ghorofani pale Msimbazi, akaziweka mahali palipoitwa Baraza la Vinanda. Alimweleza mama yake wakati wanakula.

"Ni baraza kama hili la nje, mama, ila waliokaa wako mbalimbali. Kuna mzee yuko Tanga, kuna watu wa Mombasa, kuna mmoja anabeba maboksi Ulaya. Wote tunatunga, hakuna anayelipwa. Mtu anaweka kipande chake, wengine wanasikiliza, halafu wanamwandikia walichosikia."

"Wanakusifu?"

"Kusema 'nzuri' peke yake hakuruhusiwi. Ukisema nzuri, sema uzuri uko wapi. Ukipotea, sema ulipotelea wapi. Na huweki chako mpaka umesikiliza cha mwenzio."

"Mh. Watu wazima mnakaa kutafutana makosa."

"Kusaidiana, mama."

"Haya, kusaidiana."

Wengi barazani walijipa majina ya kujificha. Bushiri alibaki Bushiri, hakuona cha kuficha. Mmoja alijiita K. tu, na huyo ndiye Bushiri aliyemheshimu kuliko wote, maana akisikiliza kipande chako ni kama ameingia nyumbani kwako, ameona mpaka kikombe kilichopasuka. Naye Bushiri alivisikiliza vipande vya K. na kusema alichoona, hata pale ambapo wengine walimwogopa.

Basi siku moja Bushiri alirudi anacheka peke yake.

"Mama, K. nimemjua! Si ulinituma mzigo kwa mama Shobhana? Nimesimama pale chini nikasikia juu mtu anapiga kipande cha K., kile ambacho bado hajakimaliza. Ni Dada Khushi! Nimemwandikia, amekubali. Ila kaniomba sana nisimwambie mtu. Na wewe usimwambie mtu."

"Nimwambie nani mimi?"

Mama Shobhana ndiye aliyekuwa na duka la jumla la kanga Mtaa wa Uhuru, na Khushi ni binti yake. Zamda alichukua mali kwake tangu Bushiri hajaanza kutembea. Walizoeana, wakavuka uzoefu wa duka, ikawa Zamda akifika anaambiwa, "Panda juu, chai iko tayari," na huko juu wanakaa kwenye pembea ya mbao wanasema ya watoto. Ni huko juu Shobhana alikomwambia jambo ambalo hakuwaambia hata wenzake wa hekaluni. Watu wote waliambiwa kwamba Khushi amerudi kutoka Mwanza ili amuuguze mama yake mguu. Mguu ulikuwa mzima. Khushi alirudishwa na wakwe, kwa kuwa muda ulipita na mtoto hakupatikana. Shobhana aliyasema hayo akilia kimya kimya, pembea haitikisiki. Zamda akamshika mkono akamwambia, "Mama Khushi, hili limeingia kaburini." Alimaanisha. Hakuna mtu anayekusudia kuvunja siri siku ile anayopewa.

Mwezi ule Baraza la Vinanda lilikuwa na jambo. Wale wa Dar waliamua kuchagua kipande kimoja, kikapigwe na watu kwa vyombo vya kweli, fidla na zumari na ngoma, katika ukumbi mdogo huko Gerezani. Bushiri hakuwahi kusikia muziki wake ukitoka kwenye mkono usio wake. Aliliwaza jambo hilo mpaka akawa anavaa shati kinyume. Kipande chake kiliitwa Asubuhi Gerezani, na aliyekipendekeza hakuwa mwingine ila K. Kabla ya kuchagua, watu waliombwa waseme waliyosikia, watunzi wapate kurekebisha.

Adhuhuri moja Bushiri akaja mezani kwa mama yake kula. Zamda akamfunulia wali na maharage. Kijana akautazama wali kama vile haujui.

"Una nini?"

"K. kaniandikia."

"Kasema nini?"

"Kasema katikati nimejaza mno, hakuna pa kupumua. Na mwisho nimekimbia, kama mtu anayeogopa."

"Kakwambia faragha?"

"Barazani, mama. Si ndipo pake?"

Akaisukuma sahani pembeni. Vidole vilikuwa vinagonga ubao wa meza, macho yako mbali. Akasema, "Nakwenda nyumbani," akaondoka hajanawa hata mkono.

Hapa nawaomba mumwelewe Zamda, ingawa kumwelewa hakutamsaidia. Alikolelewa yeye, mtu akitaka kukurekebisha anakuita pembeni. Anakuuliza habari za nyumbani, anakunywesha maji, ndipo anakwambia, "Ndugu yangu, hapa naona pana doa." Hadharani kuna mambo mawili tu: ama unanyanyuka kumtunza mtu pesa, ama umetangaza vita. Hakuna la tatu. Sasa mtoto wake, asiyetukana mtu, ameambiwa mbele ya Tanga na Mombasa na Ulaya kwamba ni mwoga. Na amekataa chakula. Zamda aliwajua vijana walioanza kwa kukataa chakula.

Sofia alikuwa amesikia yote, maana meza zao zilipakana.

"Na unamjua aliyemsema?"

Zamda akajikaza. Akasema, "Namjua."

"Na umekaa?"

"Nifanye nini, Sofia? Ni mambo ya kompyuta."

"Kompyuta imeandikwa na nani, jini? Si watu? Mwanao anasutwa wewe unakunja kanga! Ningekuwa mimi, shoga, angeshajua leo kama mtoto ana mama. Twende. Na mdomo wako wote huo, unauwekea akiba ya nini?"

Wakafunika meza, wakaenda. Pius aliwapokea vizuri. Alikuwa mtu wa makamo, aliyewahi kuwa karani wa bohari kabla hajafungua duka lile.

"Karibu, mama Bushiri. Mwanao ametoka muda si mrefu, ameondoka kama anafukuzwa, hata hakufunga."

"Najua. Nionyeshe pale barazani kwake, kuna jambo la kujibu."

Pius akadhani ametumwa. Akamketisha kwenye mashine ya dirishani, ambayo Bushiri aliiacha na jina lake bado limo ndani, akamwonyesha pa kuandika na pa kubonyeza. Zamda alisoma mpaka darasa la saba, kusoma hakukumshinda. Maneno ya K. yalikuwa pale:

"Bushiri, mwanzo wako nimeupenda mno, nimeuona mtaa unaamka. Ila katikati umejaza sauti mpaka hakuna pa kupumua. Zumari na kinanda vinasema jambo moja, toa kimoja uone. Na mwisho umekimbia, kana kwamba unaogopa tutaondoka. Tulia. Hatuendi popote."

Hayo ndiyo yaliyoandikwa. Zamda alisoma "umejaza", akasoma "umekimbia", akasoma "unaogopa". Mengine jicho liliyapita kama mtu anavyompita muuza karanga.

Akaanza kuandika kwa kidole kimoja. Pius akapita nyuma yake.

"Mama, unaandika au unapanda mahindi?"

"Niache, baba, kila shimo na mbegu yake."

Alianza kwa kijembe cha kawaida, cha ajuaye kuonya wenzake na kwake giza. Sofia akakisoma, akabetua mdomo. "Hicho ni kijembe? Hicho ni kijiko. Atakunywea uji." Zamda akakifuta. Akatafuta kingine, akakifuta. Kisha mkono ukaingia kwenye rundo bila jicho kuutangulia, kama ulivyozoea, na ukatoka na kile kilichokuwa chini kabisa. Akaandika:

"Wewe K. unayefundisha wenzio kupumua, huko ulikoolewa mbona ulitolewa pumzi? Mwisho wa mwenzio umekimbia, wa kwako umerudishwa. Mwanza wanakusalimu. Asiye na wa kumbembeleza asiwatie dosari watoto wa wenzake. Mguu wa mama umepona, tafuta kisingizio kingine."

Sofia hakuwa na siri ile, hakuelewa hata nusu, lakini alisikia makali, akapiga kofi. "Hapo sasa! Hapo umeongea!"

Zamda akabonyeza. Jina hakutia. Angetia la nini? Wakashuka ngazi wanacheka wameshikana mabega, na njiani Zamda akanunua kolekole mzima, wa kumtuliza mwanawe.

Jioni ile Bushiri alikula yule samaki mpaka akamaliza na kichwa. Alikuwa anang'aa.

"Mama, nimetoa zumari yote ya katikati. Umesikia? Pamefunguka kama dirisha. Dada Khushi kasema kweli tupu, na mimi niko nacho kipande hiki tangu zamani sikuona. Na mwisho nimeuacha utembee. Kesho asubuhi naupeleka."

Zamda akalirudisha tonge sahanini.

"Kwani mchana hukuwa umekasirika?"

"Nikasirike nini? Nilikuwa nawaza. Nilikuwa nausikia kichwani, nikaogopa utanitoka kabla sijafika nyumbani."

Angeweza kusema pale pale. Duka la Pius lilikuwa bado wazi, na pengine waliokwishasoma walikuwa wachache. Lakini alimtazama mwanawe anavyolamba vidole, akasema moyoni, sikutia jina, nani atajua. Akainuka kutoa vyombo. Alipokuwa karoni aliosha sahani ile ile mara mbili. Aibu ilimfikia kabla mtu yeyote hajamshika, na akaifukuza kama anavyofukuzwa ombaomba, kwa kutomtazama.

Kesho yake mchana Bushiri akaja mezani. Hakukaa. Wateja wawili walikuwa wanapekua kanga, akasubiri mpaka wakaondoka, na flopi yake bado iko mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona umesimama?"

"Pius ananiambia jana ulikuja."

Zamda akaanza kukunja kanga iliyokwisha kukunjwa.

"Umeandika nini, mama?"

"Nilimjibu tu yule aliyekusema. Kidogo tu. Na jina sikutia."

"Mashine inatia." Sauti yake ilikuwa ndogo, kama anayemweleza mtoto. "Ulikaa kwenye jina langu. Kila unachoandika pale, mwenye kusema ni mimi. Watu wote wamesoma kwamba ni mimi."

Sofia, meza ya pili, akainama kupanga sidiria zake kwa bidii kubwa.

"Mzee wa Tanga kaniandikia kwamba hakujua kumbe ndivyo nilivyo. Wameyafuta maneno na mimi wamenitoa. Kipande changu nacho wamekitoa. Nimekwenda na flopi, mama, mlango umefungwa."

"Nitakwenda niwaambie! Nitawaandikia ni mimi, Zamda, si wewe!"

"Na wakiuliza wewe ulijuaje?"

Zamda akaikunjua ile kanga, akaanza kuikunja upya.

"Mimi habari za Mwanza sikuzijua," Bushiri akasema. "Nimezisoma pale kama walivyozisoma wengine, chini ya jina langu. Nani alikwambia?" Akamtazama, akajijibu mwenyewe. "Mama yake. Mama yake ndiye aliyekwambia. Sasa ukisema ni wewe, binamu zake wa Mombasa wamo mle barazani, watajua mama mzazi ndiye aliyemtoa mwanawe nje. Mwache huyo angalau."

"Sasa wewe umewaambiaje?"

"Nimemwomba Pius awatumie maneno yangu. Nimeomba radhi."

"Kwa kosa lisilo lako!"

"Mama," akasema, "punguza sauti. Watu wanapita."

Akaweka flopi mfukoni akaondoka kuelekea Gerezani. Kumbukeni, hakumtukana. Angemtukana, Zamda angepata pa kushika, angelia, angesema hivi ndivyo watoto wa siku hizi. Alimwachia adabu yake yote, na adabu ile ilimwenda mwilini kama upupu.

Zamda alifunga meza mapema akaenda Mtaa wa Uhuru. Njia ile aliijua mpaka kwa kisigino, lakini safari hii kila mwenye duka aliona kama anamwangalia. Akafika. Mama Shobhana alikuwa nyuma ya kaunta, miwani puani, anampimia mtu vitambaa. Akainua macho.

"Karibu, mama. Tukusaidie nini?"

Miaka yote hiyo alikuwa akimwita Zamda. Hilo "mama", jamani, na hilo "tukusaidie", yalikuwa maneno ya mteja mgeni. Mteja akaondoka. Zamda akashika ukingo wa kaunta.

"Mama Khushi, nimekuja..."

"Najua ulichojia. Jana usiku kaka yangu amepiga simu kutoka Mombasa. Leo asubuhi hekaluni walinipisha njia kama aliyefiwa." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya sari. "Mimi nilimwambia mtu mmoja tu mji huu. Sikuhitaji kuuliza."

"Mwanangu hana kosa. Ni mimi, kwa kidole changu mwenyewe. Nilidhani..."

"Ulidhani nini, Zamda?"

Akatafuta alichodhani. Alitazama marobota ya kanga yaliyopangwa mpaka dari, maneno yote yale, asipate hata moja. Machozi yakamtoka.

"Usilie hapa," Shobhana akasema. "Wateja watauliza."

Khushi alishuka ngazi. Alikuwa amevaa gauni la nyumbani, nywele zimefungwa nyuma, macho yamevimba. Zamda alitegemea kelele, alizitamani hasa.

"Shikamoo, mama Bushiri."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe. Nimekuja uniambie chochote unachotaka."

Khushi akakaa kwenye robota.

"Unajua Bushiri alivyokisema kipande changu cha kwanza? Alisema kinatembea kama mtu anayebeba maji asiyetaka kumwagika. Akasema, 'Mwaga kidogo, Dada K.' Nilicheka siku nzima. Hapa nyumbani watu wananisemesha kama mgonjwa. Kule nilikuwa K. tu. Hakuna aliyeniuliza mume yuko wapi. Waliniuliza kwa nini besi yangu inachelewa."

Shobhana akageukia rafu, akaanza kusawazisha kanga zilizokuwa sawa.

"Nilijua si yeye aliyeandika," Khushi akaendelea. "Akitaka kusema jambo kali, huanza na alilolipenda. Yale hayakuwa na alilolipenda hata moja. Na radhi yake nimeipata. Hakukutaja."

Tumaini likamrukia Zamda, na tumaini la mama halijui aibu. "Basi, mwanangu, waambie! Neno lako watalisikia. Waambie si yeye, wamrudishe, ile siku ya ukumbi haijafika bado..."

Akasikia mwenyewe anachokiomba. Akasikia amesimama mbele ya msichana ambaye yeye mwenyewe alimvua nguo hadharani, anamtaka arudi uwanjani vivyo hivyo akamtetee mwanawe.

Nje mkokoteni ulipita, mwenyewe anapiga mluzi watu wampishe.

"Ningetaka," Khushi akasema. "Nimekaa tangu asubuhi natafuta namna. Lakini nikiandika neno moja pale, waliosoma watasoma tena, na ambaye hakusoma atauliza ilikuwaje. Siwezi. Mwambie Bushiri siwezi. Mwambie..." Akafikiri. "Hapana. Usimwambie kitu. Nitatafuta namna mwenyewe."

Hata ujumbe hakumpa abebe.

Zamda akapiga hatua kuelekea ngazi, si kwa kukusudia, ni miguu tu ilivyozoea. Shobhana akatoka nyuma ya kaunta akasimama mbele ya ngazi ile.

"Kanga tutauziana," akasema. "Wewe una meza na mimi nina duka, na kijana wako hajanikosea. Lakini juu usipande tena."

Kipande kilichochaguliwa kilikuwa cha mtu mwingine, na siku ilipofika kikapigwa pale ukumbini Gerezani. Zamda alisikia habari kwa Pius, ambaye siku hizo alikuwa anamsalimu kwa haraka na kugeukia mashine zake. Alimwuliza Pius kama Bushiri alikwenda. Pius akasema alimwona amesimama nje, upande wa barabara ya reli, akasikiliza mpaka mwisho, na watu walipoanza kutoka akaondoka asionane na mtu. Khushi hakuwapo.

Sofia alijaribu kumfariji. "Yatapita, shoga. Maneno ni upepo." Zamda hakumlaumu; kidole kilikuwa chake. Ila tangu hapo mteja akija amenuna, akamwambia wifi kafanya hivi na hivi, Zamda anamtandikia rundo zima achague mwenyewe, na mkono wake ameuweka pajani. Wengine walihamia meza za mbele. Wakasema Zamda siku hizi amepoa.

Bushiri hakuacha kutunga. Mama yake alihofu ataacha, akakesha akimwomba Mungu asiache, lakini hakuacha. Wala hakuingia kwenye unga, wala hakukosa adabu. Anamwamkia asubuhi, anamchukulia mizigo, akipata kibarua cha kupiga kinanda kwenye sherehe analeta sukari. Mtu wa nje akiitazama nyumba ile atasema, mama huyu ana bahati.

Zamani alikuwa akirudi anaanza kusimulia kabla hajavua viatu, fulani kasema hivi, fulani kaniandikia vile, na mama yake anamwambia ale kwanza chakula kisipoe. Sasa anavua viatu, anavipanga ukutani, anakaa, anakula kikiwa cha moto. Zamda anamtazama. Anatafuta swali ambalo halina jina la mtu ndani yake. Mwisho anauliza lile lile.

"Umetoka wapi, baba?"

"Hapo tu, mama."